Fahali Wawili Ndani ya Chipu Moja

Gari langu la kwanza lilikuja kutoka Japani likiwa na umri wa miaka saba, na redio yake haikukamata stesheni hata moja ya maana. Wenye magari ya namna hiyo Afrika Mashariki wanakijua kisa hiki. Redio za FM za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90. Za kwetu zinaanza 87.5 na kupanda hadi 108. Fundi umeme akanifungia kwenye waya wa antena kidude wanachokiita ekspanda, kazi yake kushusha masafa kwa megahezi 20 hivi, nikawa naisikiliza stesheni ya 100 kwenye 80. Zilizo chini ya 96 zikabaki kuwa za jirani. Kioo cha ramani nacho kilidai kadi yake kwa Kijapani kila nilipowasha injini, na kiliendelea kuidai hadi siku nilipoliuza gari.

Redio ile haikuwa mbovu. Mipaka yake ilichongwa kiwandani ndani ya saketi, na saketi haibembelezeki. Kama mipaka hiyo ingekuwa namba iliyoandikwa kwenye programu, kuibadilisha ingekuwa kazi ya dakika moja, tena bila bisibisi. Hapo ndipo lilipo wazo zima la magari ambayo viwanda vinayapigia debe siku hizi: gari ambalo tabia zake, kuanzia namna linavyofunga breki hadi linavyotumia chaji ya betri, zinakaa kwenye programu inayoweza kuandikwa upya hata baada ya gari kuuzwa. Nitaliita gari la programu. Si lazima lijiendeshe lenyewe. Wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni wa Mei 2018. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima Tesla Model 3 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 97 kwa saa, likakuta linahitaji mita 46 na ushee ili lisimame. Pikapu ya Ford F-150, nzito ile, ilisimama mapema zaidi. Jarida likakataa kulipendekeza gari hilo kwa wasomaji. Kabla mwezi haujaisha, Tesla ikatuma programu mpya ya breki kupitia mtandao, gari lilelile likapimwa tena, likasimama ndani ya mita 40 na nusu. Hakuna nati iliyofunguliwa. Mita karibu sita zilikuwa zimelala ndani ya hesabu.

Mtu akisikia habari kama hiyo hudhani siri ni kompyuta yenye kasi. Nimefanya kazi na chipu kwa miaka mingi, na naweza kusema kasi ndiyo sehemu nyepesi, inanunulika. Kazi inayomkosesha usingizi mchoraji wa kichakataji cha gari ni nyingine: ajenge kuta ngapi ndani ya chipu, na aache nafasi kiasi gani kwa ajili ya miaka ambayo yeye mwenyewe haioni.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1977 General Motors iliweka kichakataji kwenye Oldsmobile Toronado kiamue cheche za plagi ziruke wakati gani. Kilikuwa na kazi hiyo moja. Baadaye kila jambo jipya lilikuja na kisanduku chake: breki za ABS, mifuko ya hewa, vioo vya madirisha, viti vinavyojisogeza. Kiwanda cha gari kilivinunua visanduku kwa wauzaji mbalimbali, kila kimoja kikiwa na programu yake iliyofungwa ndani, na mara nyingi kiwanda chenyewe hakikuwa na ruhusa ya kuisoma. Kwenye magari ya kifahari idadi ilipita 100. Gari likawa kijiji cha kompyuta ndogondogo. Mafundi wetu wanaziita kontroo boksi, na anayejua adha yake ni yule aliyezunguka Kirinyaga Road ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam akitafuta ya ABS, ya gari lilelile, ya mwaka uleule.

Wanakijiji hao wanaongea kwa njia iitwayo CAN, ambayo kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitambulisha Detroit mwaka 1986. Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kisanduku chenye la kusema kinapaza sauti, wengine wote wanasikia. Kasi yake haizidi megabiti 1 kwa sekunde, na ujumbe mmoja unabeba baiti 8 tu. Ilikuwa njia iliyobuniwa kwa akili sana, na bado iko hai kwenye magari mengi barabarani leo. Lakini ina sifa moja ya kijiji cha zamani: ujumbe unasema unahusu nini, hausemi umetoka kwa nani. Anayesema "funga breki" anaaminiwa kwa sababu yumo ndani. Palipokuwa na wenyeji watupu, haikuleta shida.

Kisha redio ikaunganishwa na mtandao wa simu. Julai 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa wamekaa nyumbani na kompyuta zao, waliingia ndani ya Jeep Cherokee iliyokuwa ikienda barabara kuu na mwandishi wa habari akiwa kwenye usukani, kwa makubaliano naye. Waliwasha vipangusa kioo, wakapandisha sauti ya redio, kisha wakalifanya gari lisivute. Walipitia redio. Kati ya kompyuta ya redio na nyaya za CAN kulikuwa na chipu nyingine ndogo, na ukuta wote ulikuwa hapo. Watafiti wakaandika upya programu ya chipu hiyo. Nayo ikaikubali bila kuuliza imetiwa saini na nani. Magari milioni 1.4 yaliitwa yarekebishwe, na wenye magari wengine walitumiwa kwa posta kidude cha USB chenye programu mpya ili wakachomeke wenyewe. Gari lilikuwa na mtandao wa kutosha kuvamiwa, halikuwa na mtandao wa kutosha kutibiwa.

Tangu hapo hakuna mchoraji makini wa chipu za magari anayeacha mlango huo wazi. Ndani ya kichakataji hutengwa kachumba kenye kiini chake kidogo na kumbukumbu yake, kanakotunza funguo za siri. Gari likiwashwa, kachumba hako ndiko kanakoamka kwanza, kanahakiki saini ya programu, ndipo wengine wanaruhusiwa kuamka. Programu isiyo na saini haiendi popote. Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mwaka 2020 kanuni mbili, R155 ya ulinzi dhidi ya wavamizi na R156 ya namna ya kusasisha programu, na Umoja wa Ulaya ukazifanya sharti kwa kila gari jipya kuanzia Julai 2024.

Upande wa pili wa tatizo ni waya. Visanduku 100 vinahitaji nyaya za kuviunganisha, na nyaya hizo hufikia kilomita kadhaa ndani ya gari moja. Kampuni ya Rivian ya Marekani ilipochora upya magari yake ya R1 mwaka 2024, ilipunguza kompyuta kutoka 17 hadi 7, na kwa kufanya hivyo tu ikatoa kilomita 2.6 za waya na kilo 20 za uzito kwenye kila gari. Mbinu yenyewe ni rahisi kuieleza. Badala ya kugawa kompyuta kwa kazi, wanazigawa kwa mahali: ya mbele kushoto inahudumia kila kitu kilicho mbele kushoto, iwe taa, honi au sensa, kisha inapeleka habari kwa mtandao wa kasi hadi kwenye kompyuta kubwa iliyo katikati.

Hapa sasa ndipo penye utamu. Waswahili husema fahali wawili hawakai zizi moja, na mchoraji wa kichakataji anaambiwa awaweke zizi moja fahali, mbuzi na kuku. Kwenye chipu moja anatakiwa kuweka breki, ambayo ikikosea inaua. Usaidizi wa dereva unaosoma kamera. Na kioo cha muziki, ambacho kikiganda dereva atanuna tu. Qualcomm ilionyesha chipu ya namna hiyo Januari 2023, Snapdragon Ride Flex, yenye kubeba kioo na usaidizi wa dereva kwa pamoja. Nvidia na Renesas nazo zinaelekea hukohuko. Wote wanakutana na maswali mawili. La kwanza: nitajuaje kwamba hesabu ni sahihi? La pili: nitajuaje kwamba itakuja kwa wakati?

Nianze na usahihi. Chipu inaweza kukosea bila kuharibika. Chembe zinazozaliwa na miale ya anga za juu zinaipiga dunia mchana na usiku, na chembe moja ikipiga mahali pabaya kwenye kumbukumbu, 0 inakuwa 1. Kwenye simu hutaona kitu, pengine nukta moja ya picha imebadilika rangi. Kwenye hesabu ya nguvu ya breki ni jambo jingine. Kwa hiyo kumbukumbu za magari huongezewa biti za ulinzi, kwa kawaida 8 kwa kila 64, zinazoweza kurekebisha kosa moja na kugundua mawili. Na kwa viini vyenyewe, yaani zile kompyuta kamili zilizopangwa ndani ya chipu, kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inafanana na mabibi wawili wanaohesabu mchango wa harusi.

Unaweka viini viwili pacha. Vyote viwili vinapewa programu ileile na namba zilezile, vinafanya hesabu ileile. Kati yao kuna saketi ndogo isiyo na kazi nyingine ila kulinganisha majibu. Yakitofautiana, kazi inasimamishwa na gari linapelekwa kwenye hali ya usalama. Lakini tazama werevu uliomo. Pacha wa pili anacheleweshwa makusudi, mapigo mawili hivi ya saa ya chipu nyuma ya mwenzake. Kwa nini? Kwa sababu umeme ukiyumba ghafla, utawapiga wote wawili kwa pamoja, na kama wako kwenye hatua moja wanaweza kukosea kosa moja na kukubaliana juu ya uongo. Ukimchelewesha mmoja, mtikisiko unawakuta kwenye hatua tofauti, na makosa yao hayafanani. Wachoraji wengine humgeuza hata pacha wa pili kimchoro, alale upande mwingine kwenye silikoni, ili hitilafu ya mahali isiwaguse sawasawa.

Gharama yake unaiona: viini viwili, kazi ya kimoja. Ukifanya hivyo kwa chipu nzima umetupa nusu ya pesa yako. Ndiyo maana kampuni ya Arm, ambayo michoro yake imo karibu kila mahali, ilileta mwaka 2018 kiini cha Cortex-A76AE ambacho mtengenezaji wa gari anaweza kukifunga na mwenzake wawe mapacha, au kuwaachia kila mmoja afanye yake. Chipu ileile inakuwa ya mapacha kwenye breki na ya viini huru kwenye kioo.

Kuna watakaosema hii ni hofu ya kupita kiasi. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa elektroniki za magari, ISO 26262, kilichotoka mwaka 2011, kina ngazi nne kutoka A hadi D. Kwa ngazi ya D, ambako breki na usukani huangukia, hitilafu hatari ya vifaa isizidi mara moja katika saa milioni 100. Hiyo ni zaidi ya miaka 11,000. Lakini usihesabu gari moja. Chukua magari milioni moja, kila moja liendeshwe saa moja kwa siku: saa milioni 100 zinatimia ndani ya siku 100. Ukiitazama hivyo, miaka 11,000 haionekani mingi tena.

Sasa wakati. Gari likienda kilomita 100 kwa saa linameza karibu mita 28 kila sekunde. Jibu la breki likichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ni mita 2.8, na mita 2.8 ndiyo tofauti kati ya mtoto aliyeshtuka na mtoto aliyegongwa. Mhandisi wa simu hujali wastani: programu ikifunguka upesi mara 99 na kukwama mara moja, amefaulu. Mhandisi wa breki hujali ile mara moja.

Na chipu za kisasa ni hodari kwa wastani, dhaifu kwa hiyo mara moja. Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na bomba moja uani. Siku nyingi kila mpangaji anapata maji. Jumamosi mmoja ameamua kufua mazulia, tangi linakauka, na mwenye mgonjwa ndani anasubiri na ndoo yake tupu. Hakuna aliyevunja sheria. Viini vya chipu moja vinaishi hivyohivyo: kila kimoja kina chumba chake, lakini kumbukumbu kuu na njia ya kuiendea ni ya wote. Abiria akifungua ramani ya mji mzima, kioo kinavuta data nyingi mno, na kazi ya breki, isiyohusika kabisa na ramani, inakuta foleni. Programu ya breki haina kosa hata moja, nawe ukiipima peke yake maabara inafaulu kila siku. Inashindwa Jumamosi tu.

Tiba ziko za aina tatu, na chipu nzuri inazo zote. Moja ni kumpa mwenye mgonjwa pipa lake chumbani: kumbukumbu ndogo iliyobandikwa ubavuni mwa kiini, isiyoguswa na mwingine, ambayo muda wa kuifikia ni uleule kila mara. Nyingine ni kufunga mita kwenye bomba, ili kila mpangaji apewe kiasi chake cha njia ya kumbukumbu na anayezidisha akatwe, kazi inayofanywa na saketi yenyewe bila kusubiri programu. Ya tatu ni mwenye nyumba: programu msimamizi inayogawa chipu moja ikaonekana kama kompyuta kadhaa zisizojuana, ya kioo ikianguka ile ya breki haijui hata kwamba kuna jirani. Zamani usimamizi huo ulikuwa wa kompyuta kubwa tu. Mwaka 2016 Arm ilitoa Cortex-R52, kiini kidogo cha kazi za papo kwa papo chenye ngazi ya usimamizi iliyochorwa ndani yake, na chipu ya S32N55 ya kampuni ya NXP ya Uholanzi imepanga viini 16 vya aina hiyo. Ukiniuliza ni wapi gari la programu lilipowezekana kweli, nitakuonyesha hapo, kabla ya kukuonyesha kioo chochote cha inchi 17.

Kuhusu nguvu ghafi, nitasema kwa ufupi, maana ndiyo inayotangazwa kila siku. Aprili 2019 Tesla ilionyesha chipu iliyoichora yenyewe na kutengenezwa na Samsung huko Austin, Texas: transista bilioni 6, viini 12 vya kawaida, na mashine mbili za kuzidisha na kujumlisha. Kila mashine ina jedwali la 96 kwa 96, yaani vizidishi 9,216 vinavyofanya kazi kwa mpigo mmoja, na mapigo ni bilioni 2 kwa sekunde. Zidisha, kisha hesabu kuzidisha na kujumlisha kama kazi mbili, utapata kazi trilioni 36 na ushee kwa sekunde kwa mashine moja. Cha kusifu zaidi kwangu ni megabaiti 32 za kumbukumbu zilizowekwa ndani ya kila mashine, kwa sababu umeme mwingi kwenye kazi hizi hauliwi na hesabu, unaliwa na usafiri wa data kwenda na kurudi. Tena waliweka chipu mbili kwenye bodi moja, kila moja na umeme wake, moja ikifa nyingine ibaki. Yote kwa chini ya wati 100, chini ya balbu moja ya zamani.

Chipu ya gari inaishi maisha magumu. Daraja la kawaida la majaribio, AEC-Q100 daraja la 1, linataka ifanye kazi kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 125 juu yake, na mnunuzi anatarajia miaka 15. Simu yako ikilala kwenye dashibodi Mombasa saa saba mchana inakataa kufanya kazi na kuomba ipoe. Breki hazina ruhusa hiyo.

Na bado, kilichoyaaibisha magari ya programu mapema hakikuwa joto wala miale. Kilikuwa uandishi wa kumbukumbu. Tesla Model S na Model X za miaka ya mwanzo zilikuwa na kompyuta ya kioo yenye hifadhi ya gigabaiti 8. Hifadhi ya aina hiyo inachakaa kwa kuandikwa: kila kipande kinavumilia kufutwa na kuandikwa mara 3,000 hivi, basi. Programu ilikuwa ikiandika kumbukumbu za safari mfululizo. Kwa hesabu za kampuni yenyewe, mtumiaji wa kawaida alizungusha kila kipande mara 0.7 kwa siku, na mtumiaji mzito mara 1.5. Gawanya 3,000 kwa 0.7, unapata miaka 11 na miezi kadhaa. Gawanya kwa 1.5, inabaki mitano na nusu. Hifadhi ilipojaa uchakavu kioo kilizima, na kwa kuwa kioo kilikuwa kimepewa kazi za watu wengine, kiliondoka na kamera ya nyuma, na kipasha moto cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, na sauti ya indiketa. Mapema mwaka 2021, baada ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani kushinikiza, magari karibu 135,000 yaliitwa, yakawekewa hifadhi ya gigabaiti 64.

Mimi hukitumia kisa hiki kila ninapofundisha vijana. Hakuna aliyekosea hesabu ya kasi. Mtu alichagua hifadhi ndogo kwa sababu siku ile ilitosha, na mwingine, miaka baadaye, akaandika programu yenye maneno mengi kwa sababu hifadhi ilikuwapo. Gari la programu linakaribisha kosa hilo kila wiki, kwa kuwa vifaa havibadiliki na programu inaongezeka. Ndiyo sababu watengenezaji wa chipu za udhibiti wanahangaika na aina mpya za kumbukumbu. Ile ya kawaida inayojengwa ndani ya chipu imegoma kupungua zaidi ya nanomita 28. STMicroelectronics imechagua ya kubadili hali ya kioo cha madini, Infineon imechagua ya kubadili ukinzani wa umeme, NXP imechagua ya sumaku, na inasema hiyo ya sumaku inaandika megabaiti 20 kwa sekunde 3 hivi pale ambapo ya zamani huchukua dakika nzima. Sijui nani atashinda, ila ya sumaku ninaitazama kwa jicho jema.

Nafasi ya ziada inauma zaidi kwenye nguvu ya kufikiri. Chipu ile ya Tesla ya 2019 iliuzwa kwa ahadi kwamba ina uwezo wote ambao gari litahitaji ili lijiendeshe siku programu itakapokamilika. Januari 2025 Elon Musk, mkuu wa Tesla, alikiri mbele ya wawekezaji kwamba wateja walionunua huduma ya kujiendesha watalazimika kubadilishiwa kompyuta. Simlaumu mchoraji, alifanya kazi nzuri. Aliyeahidi kuhusu programu ambayo bado haijaandikwa ndiye wa kuulizwa.

Basi haya yote yanatuhusu nini sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika? Yanatuhusu kuliko yanavyomhusu mnunuzi wa kwanza. Yeye anakaa na gari miaka sita wakati hifadhi bado changa, kiwanda bado kinatuma programu na laini ya simu iliyofungwa ndani bado inapata mtandao. Sisi tunalipokea baada ya hapo. Februari 2022 kampuni ya simu ya AT&T ilizima mtandao wake wa 3G Marekani, na magari mengi yaliyokuwa mazima kabisa yakapoteza huduma zake za mtandao siku moja. Injini haikujua lolote.

Fundi wetu aliweza kuidanganya redio ya Kijapani kwa ekspanda ya bei ya chakula cha mchana. Kale kachumba kenye funguo za siri hakadanganyiki hivyo, na ndivyo kanavyotakiwa kawe. Kwa hiyo ruhusa ya kutengeneza lazima itoke kwingine: kwa kiwanda, au kwa sheria inayokilazimisha. Ukiagiza gari, usiulize umri na kilomita peke yake. Muulize muuzaji kiwanda kimeahidi programu hadi mwaka gani, hifadhi ya kompyuta inabadilishika au imeunganishwa kwa risasi, na kama gari linaweza kusasishwa na gereji isiyo ya kiwanda katika nchi ambayo kiwanda hakina tawi. Mashirika ya viwango, yanayokagua breki na moshi kabla gari halijapakiwa melini, yaanze kuuliza hayohayo kwenye fomu zao. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Lililosajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024 litaweza kushuka Mombasa hadi 2031, na chipu zilizomo zilikwisha kuchaguliwa kabla hata halijapakwa rangi.